Tundu Kati ya Makopo: Mhadhara Kuhusu Vichujio vya Mikrowevu

Satelaiti ya kwanza ya kizazi cha Intelsat IV ilirushwa Januari 1971 ikiwa na njia 12 za mawasiliano. Kila njia ilikuwa na upana wa MHz 36, na kitovu cha njia moja kilikuwa umbali wa MHz 40 kutoka kitovu cha jirani yake. Kwa hiyo kati ya njia mbili ilibaki nafasi ya MHz 4 tu, tena katika masafa yanayokaribia MHz 4,000. Simu za kimataifa zilizopita kituo cha Longonot, kilichojengwa Kenya mwaka 1970 kwa ajili ya mfumo huo wa Intelsat, zilitegemea vichujio vilivyoweza kugeuka kutoka kupitisha hadi kuzuia ndani ya nafasi hiyo finyu.

Mhadhara huu unahusu jinsi kichujio kama hicho kinavyosanifiwa.

Kwa macho hakina maajabu: ni makopo ya metali yaliyopangwa mfululizo, na tundu kati ya kila kopo na linalofuata. Kila kopo ni rezoneta. Wimbi likiingia hugonga kuta na kurudi, na kwa masafa fulani tu marejeo hayo hujazana yakapata nguvu. Mwanafunzi anayeanza hushughulika sana na kopo lenyewe. Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye tundu. Makopo mawili yanayofanana yakiunganishwa kwa tundu, kilele kimoja cha masafa hupasuka kuwa viwili, na kadiri tundu linavyopanuliwa ndivyo vilele vinavyozidi kuachana.

Umbali huo hupimika. Kwa kichujio cha rezoneta nne cha aina ya Chebyshev, chenye upana wa MHz 36 kwenye MHz 4,000, na ambacho hakirudishi zaidi ya asilimia 1 ya nguvu inayoingia, hesabu inataka muunganiko wa 0.0082 kati ya kopo la kwanza na la pili, na 0.0063 kati ya la pili na la tatu. Namba hizo zikizidishwa kwa MHz 4,000 hutoa umbali unaotakiwa kati ya vilele. Msanifu huchukua makopo mawili peke yake, akabadili tundu mpaka vilele viachane kwa takriban MHz 33. Kwa jozi ya katikati, MHz 25. Milton Dishal alieleza njia ya kurekebisha vichujio vya namna hii mwaka 1951, na Seymour Cohn akatoa nadharia ya rezoneta zilizounganishwa moja kwa moja mwaka 1957. Kitabu cha Matthaei, Young na Jones cha mwaka 1964, chenye kurasa zaidi ya 1,000, bado hufunguliwa maabara.

Rezoneta nne hazitoshi kwa satelaiti, na kila kopo linaloongezwa ni uzito wa kurushwa angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ali Atia, Mmisri, na mwenzake Albert Williams wa maabara za kampuni ya satelaiti ya COMSAT nchini Marekani walilitumia kopo moja kama rezoneta mbili. Mawimbi mawili yalikaa humo yakiwa yamepishana kwa pembe ya mraba bila kuingiliana, kisha skrubu iliyoelekezwa nyuzi 45 ikayaunganisha. Idadi ya makopo ikapungua kwa nusu. Ni wazo ambalo mtu akishaliona hushangaa lilichelewa wapi.

Likabaki joto. Mpiga ngoma huipasha ngoma moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Kopo la metali hufanya kinyume, kwani likipata moto hutanuka na masafa yake hushuka. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Joto likibadilika kwa nyuzi 50, kichujio cha MHz 4,000 huhama kwa MHz 4.6, na nafasi yote kati ya njia imeliwa. Ndiyo maana wahandisi wa satelaiti wakaikimbilia invari, aloi ya chuma na nikeli iliyompatia Charles Guillaume Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Kwa joto hilohilo invari huhama kwa takriban MHz 0.3. Ni nzito na haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo hupakwa fedha kwa ndani.

Kompyuta sasa hukokotoa vipimo vya tundu kabla metali haijakatwa, lakini kosa la sehemu ya kumi ya milimita linatosha kuhamisha masafa. Kwa hiyo vichujio vingi, hata vile vya minara ya simu, bado hutoka kiwandani vikiwa na skrubu juu ya kila kopo. Fundi huzungusha skrubu huku akitazama mchoro kwenye skrini, na mchoro ukikaa sawa hukaza nati.