Kazi ya Baba kwa Mtoto Mchanga

Nimeombwa nizungumze nanyi jioni hii habari za mtoto mchanga, nami najua kuwa baadhi yenu wanaume mtataka kuondoka barazani na kuwaachia wake zenu maneno haya. Nawasihi mkae kidogo. Mimi si mganga wala mkunga; ni mkulima wa minazi katika kijiji kilicho ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani. Nitakayoyasema ni yale yaliyonipata mwaka 2016, mke wangu alipozaa mtoto wetu wa kwanza.

Iko methali mnayoijua nyote: Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii ina hekima yake, lakini mimi naliishika vibaya. Kwa nusu yake ya kwanza nalijipa ruhusa ya kukaa bure miezi yote ya mimba. Na kwa nusu ya pili nalijiambia kuwa kulea mwana ni kazi ya mama, na nyanya, na shangazi. Hivyo methali nzima ikanipita bila kunigusa.

Walakini furaha nalikuwa nayo. Nalimwendea seremala nikamwagiza kitanda kidogo cha mninga, chenye nakshi kichwani. Kilipoletwa, majirani walikuja kukitazama, nami nikaona fahari. Mke wangu naye alikitazama, kisha akasema kwa upole, "Mume wangu, kitanda ni kizuri. Je, uchungu ukinishika usiku, tutakipanda hiki kuvuka mto?" Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Siku alipokwenda tena kliniki nalifuatana naye, ndiyo mara yangu ya kwanza. Mkunga hakunicheka. Alinihesabia kwa vidole mambo ambayo baba apaswa kuyatengeneza mapema: mahali pa kuzalia pajulikane, chombo cha safari kiwepo, cha mchana na cha usiku, fedha ziwekwe akiba, ziwepo kanga safi na nguo za kumfunika mtoto, na wapatikane jamaa wawili walio tayari kutoa damu ikihitajiwa. Kisha akanionya dalili zisizongoja asubuhi: kutoka damu, kuumwa sana na kichwa na macho kuona kiwi, degedege, homa kali, na maji ya uzazi kutoka kabla ya siku zake. Naliporudi nyumbani nikapatana na mwenye gari mmoja na mwenye dau mmoja, nikazungumza na ndugu zangu wawili, na kila nilipouza nazi nikatia fedha kidogo katika kopo.

Nalidhani ningali na majuma sita. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa nane wa mimba, maji yakatoka. Gari likaja upesi, na dau likatungoja ufukoni. Tulivuka gizani, mke wangu amelala juu ya mkeka, nami nimemfunika kwa turubai, mikono ikinitetemeka. Alfajiri tukapata mtoto wa kike. Uzito wake ulikuwa kilo moja na gramu 700. Mtoto azaliwaye chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa mdogo. Wetu alipungua sana, na mkono wake haukuzidi unene wa kidole changu.

Mkunga alimweka kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Haukupita muda mke wangu akaanza kutoka damu nyingi, wauguzi wakamzunguka. Ndipo mkunga aliponigeukia akasema, "Baba, vua shati." Nalifikiri sikusikia vema. Akarudia, "Vua shati, unawe mikono, ukae hapa." Akamvika mtoto kofia, soksi na nepi, akamsimamisha wima kifuani pangu, akageuza kichwa chake upande apate kupumua, akatufunga pamoja kwa kanga. "Usimwondoe," akasema. "Joto lako ndilo litakalomlinda."

Nalikaa hivyo tangu alfajiri hata adhuhuri. Nyuma ya pazia mke wangu alikuwa akitiwa damu, na ndugu zangu walikuwa wamekwisha kuitwa watoe yao. Upande wangu moyo mdogo ulikuwa ukipiga juu ya moyo wangu, mbio kama wa ndege. Sikuwa na la kufanya ila kutulia. Na kutulia kule kulikuwa kugumu kupita kupanda mnazi. Mchana ule damu ilikoma, na mke wangu akanyosha mkono kumtaka mwanawe.

Baadaye nalijifunza asili ya jambo hili. Lilianza mwaka 1978 mjini Bogotá, katika nchi ya Kolombia, kwa Daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez. Mashine za kuwatia joto watoto wadogo hazikuwatosha, wakawafundisha akina mama kuwabeba watoto vifuani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka upesi, na nguvu ambazo angezitumia kukua huziteketeza akipambana na baridi. Akiwa kifuani hupata joto la mzazi, pumzi yake hutulia, na akiwa kwa mama yake ziwa li karibu.

Msidhani ni faraja tu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wadogo sana waliowekwa kifuani mara walipozaliwa, walikufa 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Na wale waliongojwa kwanza wapate nguvu, walikufa karibu 16 katika kila 100. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa namna hii awekwe kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, muda wa saa 8 hata 24 kila siku. Basi fikirini: mama aliyetoka damu atawezaje peke yake saa hizo zote? Lazima awepo mtu wa kumpokea.

Tuliporudi kijijini nalimpokea. Vijana walicheka kuona mwanamume amefunga kanga kifuani. Mama mkwe alipofika akageuza uso kwa haya, nami pia naliona haya. Siku ya tatu akaniita akasema, "Baba, nifundishe kufunga, nami nimpokee." Tangu hapo tulikuwa watatu. Mimi nalichota maji, nikapika uji wa mama, nikanawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, nikatazama neti kila usiku. Kitovu tulikiacha kikavu, bila majivu wala dawa. Kinywani hakutiwa kitu ila maziwa ya mama yake, wala maji hakupewa, hata alipotimiza miezi sita.

Juma la tatu, usiku, alikataa ziwa. Miguu yake ilikuwa baridi, na pumzi zake nalizihesabu zikapita 60 kwa dakika moja. Mzee mmoja jirani alisema, "Ngojeni kuche." Nalimheshimu mzee yule, lakini nalikuwa nimeambiwa dalili hizi hospitalini: mtoto asiyenyonya, apumuaye mbio, mwenye homa au baridi, mwenye degedege, au aliyegeuka manjano viganja na nyayo, hangojewi. Nikatwaa kopo la fedha, tukavuka mto usiku ule. Daktari alimkuta na ugonjwa wa mapafu. Alichomwa sindano siku nyingi, akapona. Na daktari akasema tulifanya vema kutongoja.

Alipofika miaka sita aliandikwa shule, naye hukimbia kuliko wenzake. Kile kitanda cha mninga hakukilalia hata siku moja alipokuwa mchanga. Tuliwekea nguo zake.

Basi, enyi akina baba, jambo nililotaka kuwaambia ni hili. Kulea mimba ni kazi, na kulea mwana ni kazi, na katika zote mbili liko fungu la mwanamume. Msingoje kuitwa. Ulizeni mapema, tengenezeni chombo na akiba, na siku mtakapoambiwa mvue shati, vueni.

Kwaherini.