Amri, Daftari na Ardhi: Mageuzi ya Japani Yakitazamwa kutoka Durban



Mageuzi ya Japani baada ya ukabaila husimuliwa zaidi kwa habari za reli, viwanda na jeshi. Naomba leo tuyatazame kwa upande wa watu wa chini kabisa, tena tukiwa hapahapa Durban, kwa kuwa mji huu una jamii iliyopitia mambo yanayokaribiana na hayo katika miaka ileile: Wazanzibari wa Chatsworth. Hoja yangu ni kwamba amri ya kumkomboa mtu haimfikishi mbali ikiwa daftari la serikali bado linamtambulisha kwa asili yake, na ardhi anayoikalia iko chini ya uamuzi wa mwingine.

Serikali ya Meiji ilishika hatamu mwaka 1868. Mwaka uliofuata makabaila wakubwa, daimyo, walirudisha ardhi zao kwa Mfalme, na mwaka 1871 milki zao zikafutwa, nchi ikagawanywa katika mikoa iliyotawaliwa kutoka Tokyo. Mwaka huohuo ikatoka amri ya kufuta daraja za eta na hinin. Wengi wa watu hao walikuwa wametengwa vizazi kwa vizazi kwa kazi zilizohesabiwa najisi, kama vile kuchuna mizoga na kutengeneza ngozi. Kwa mujibu wa amri wakawa raia kama wengine. Lakini mwaka 1872 lilipoandikwa daftari la kaya la nchi nzima, katika sehemu nyingi makarani waliwaandika “raia wapya”. Maneno hayo mawili yaliwafuata watoto na wajukuu wao kwenye posa na kwenye ajira. Hodhi yao ya biashara ya ngozi ilikwisha, na mashamba hawakupewa. Mwaka 1873, huko Mimasaka, wanavijiji waliokasirishwa na sera mpya za serikali waliwavamia, wakaua watu na kuchoma nyumba.

Serikali hiyohiyo, hata hivyo, ilifanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa la ujasiri mkubwa. Mwaka 1872 meli ya Peru, Maria Luz, iliingia bandari ya Yokohama ikiwa na vibarua wa Kichina zaidi ya 200 waliopakiwa Macau. Mmoja wao alijitosa baharini usiku, akaogelea hadi kwenye meli ya kivita ya Kiingereza. Kesi ikasikilizwa na Ōe Taku, ofisa wa mkoa wa Kanagawa, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameiandikia serikali akitaka watu waliotengwa waondolewe unyonge wao. Vibarua wakaachiwa huru. Wakili wa upande wa meli akauliza: mbona Japani yenyewe inaruhusu wasichana kuuzwa kwa mkataba kwenye madanguro? Kabla mwaka haujaisha ikatoka amri ya kuwafungua wasichana hao. Madanguro hayakufungwa, ila swali lile halikuweza tena kufichwa.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Agosti mwaka huohuo meli ya kivita Briton iliteremsha hapa bandarini watu 113 waliookolewa kwenye majahazi, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, na wengi Waislamu. Natal ilikuwa na njaa ya vibarua. Waliokombolewa, basi, walitiwa kwenye mikataba ya kazi ya miaka mitano, wakawekwa chini ya ofisa aliyesimamia vibarua kutoka India. Ni uhuru ulioanza kwa kumtumikia tajiri, na sidhani tunaruhusiwa kuuita jina zuri zaidi.

Kilichowaokoa wasitawanyike ni ardhi. Wadhamini wa msikiti wa Juma wa Grey Street walinunua eneo la King's Rest, kule Bluff, na hapo watu hao, waliokuja kuitwa Wazanzibari, wakajenga, wakasali, wakazika, wakaendelea kusema Kimakua. Kisha likaja daftari. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi ilitaka kila mtu awe na kundi, na wao wakahamishwa kutoka kundi hadi kundi, mwisho wakaandikwa “Waasia wengine”. Waafrika, wana wa Wamakua, wakawa Waasia kwa kalamu ya karani. Bluff ikatengwa kuwa ya wazungu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Pretoria, ikitaka kuiuzia Japani chuma, iliwaruhusu Wajapani kuishi katika maeneo ya wazungu. Nadhani hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba rangi katika madaftari yale ilikuwa ni maslahi ya watawala.

Japani nayo haikumaliza mambo kwa amri ya 1871. Watu wa daraja zilizofutwa waliunda chama chao, Suiheisha, mjini Kyoto mwaka 1922. Mageuzi ya ardhi yaliyoanza mwaka 1946 yaliwauzia wapangaji mashamba kwa bei nafuu, hata ardhi ya kupangisha ikashuka kutoka karibu nusu ya mashamba yote hadi takriban sehemu moja ya kumi. Daftari la 1872 lilifungwa lisisomwe na umma mwaka 1968, na bado mwaka 1975 iligundulika kwamba makampuni yalikuwa yakinunua kwa siri orodha za vijiji vya watu hao ili kuwachuja waombaji kazi.

Afrika Kusini ilifuta sheria za rangi na za maeneo mwaka 1991, na sheria ya mwaka 1994 ikawapa walionyang'anywa ardhi kwa ubaguzi baada ya 19 Juni 1913 haki ya kudai. Napendekeza semina hii ishughulikie upande wa pili, wa daftari. Wazanzibari wa Chatsworth wapewe nakala za kumbukumbu zinazowahusu, kuanzia zile za 1873, na wao wenyewe waamue nani azisome na zitumike kwa kazi gani.