Hesabu ya Shule Inaanzia Nyumbani

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kiloleli, mkoa wa Simiyu)



Leo hatukuja na somo la mbolea wala la maji ya kunywa. Tumekuja kuzungumza habari ya kuhesabiwa. Wengi mkisikia neno hilo mnakunja uso, na sababu tunaijua. Wazee wetu walihesabiwa ili walipe kodi ya kichwa. Baadaye ikaja kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Basi mtu akija na daftari, baba anasema ana watoto watatu, kumbe wako sita. Watatu wako machungani na ng'ombe.

Hesabu ya shule si ya kodi. Hebu tuione inavyokwenda.

Kila mwaka mwalimu mkuu anajaza fomu ya takwimu. Anaandika wavulana wangapi na wasichana wangapi, darasa kwa darasa. Anaandika walimu, vyumba, madawati, matundu ya choo. Anaandika hata walioacha shule, na sababu zao: utoro, mimba, kifo. Fomu inapita kwa Afisa Elimu Kata, inakwenda halmashauri, inakwenda mkoani Bariadi, halafu Dodoma. Huko hesabu za nchi nzima zinajumlishwa na kuchapwa kitabu. Mtu wa Dodoma pengine hajafika Kiloleli hata siku moja. Anaiona kwenye karatasi tu. Karatasi ikisema watoto 400, basi kwake ni 400.

Na hesabu hiyo ina fedha ndani yake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zilipelekwa shuleni kununulia chaki, karatasi za mitihani na kufanyia matengenezo madogo. Chukueni kalamu. Tuseme watoto 40 wa kijiji kimoja hawakuandikishwa. Zidisheni 40 kwa 6,000. Mmepata ngapi? Shilingi 240,000. Fedha hizo hazikuibwa na mtu. Hazikutumwa kabisa, kwa sababu watoto wenyewe hawakuonekana.

Kuna na uongo wa upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ilifanya uhakiki ikakuta wanafunzi hewa, yaani majina yaliyo kwenye daftari na watoto hawapo darasani. Ninyi ni wakulima wa pamba, jambo hili halina haja ya kuelezwa sana. Mtu akitia maji au mchanga kwenye pamba, mizani inasema kilo nyingi, na mizani haina kosa. Anayeumia ni mkulima mwenzake, maana bei ya pamba chafu inawashukia wote. Shule yenye watoto hewa inachota ruzuku ambayo ingekwenda kwa watoto wanaokaa chini sakafuni mahali pengine.

Sasa tuje kwetu sisi watu wazima, maana na sisi tunahesabiwa.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baba na mama zetu wakaenda madarasani jioni, chini ya miti, wengine na watoto mgongoni. Huku Kanda ya Ziwa kisomo kilifundishwa pamoja na kilimo cha pamba, na wazee wengi wanakikumbuka kitabu cha "Pamba ni Mali". Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Mtu alipewa karatasi, akasoma, akaandika, akafanya hesabu. Aliyefika hatua ya tatu au ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa anajua. Ulipofika mwaka 1986 ilisemekana wasiojua hawafiki kumi katika kila mia.

Lakini sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watatu katika kila kumi hawajui. Imekuwaje? Sisi tunaona mambo mawili. Kwanza, wapo waliosahau kwa kukosa cha kusoma, na wapo watoto ambao hawakuingia shule, wakakua hivyo hivyo. Pili, sensa haimpi mtu mtihani. Karani anauliza tu: fulani anajua kusoma na kuandika? Na anayejibu mara nyingi ni mkuu wa kaya.

Hapo ndipo pana neno, akina baba mtuwie radhi. Mama amesoma jioni miaka miwili. Anasoma kibao cha zahanati, anaandika barua kwa mwanawe. Karani anapofika, mama yuko jikoni. Baba anajibu, "Huyu? Hajui." Basi, kwenye kitabu cha taifa mama yule hajui. Na yuko baba mwingine ambaye kwa aibu anasema nyumba nzima inajua, wakati kijana wake wa miaka kumi na minane hawezi kuandika jina lake. Kijana huyo haonekani, na darasa la kisomo la kumfaa halifunguliwi, maana kwenye karatasi hayupo anayelihitaji.

Karani akija, mwiteni kila mtu ajibu mwenyewe. Mwalimu akipita kitongojini kuandika watoto wa kuanza shule, mtajieni wote, na aliyeko machungani, na yule binti ambaye mmeanza kuhesabu ng'ombe zake. Tunajua hilo la mwisho ni gumu. Ndiyo maana tumelisema mbele ya wote.

Mkutano mkuu wa kijiji ukifika, mwombeni mwalimu mkuu awasomee idadi ya wanafunzi, darasa kwa darasa. Ziandikeni. Halafu kila kitongoji kilinganishe na watoto kinaowajua. Zikipishana, ulizeni hapo hapo kwa adabu.

Na daftari la mahudhurio ya kisomo liko hapa mezani. Kabla hamjaondoka, kila mmoja alitafute jina lake alisome mwenyewe. Akina mama walioandikwa "mke wa fulani", tuambieni majina yenu tuyaandike.