Mfumo Ukiingia, Kazi Ipi Inatoka?



Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika habari za watumishi wa kliniki ya bure jijini New York, watu waliojitolea kwa moyo wote hadi wakaishiwa nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hiyo si ugonjwa. Unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Basi semina ya kumfundisha muuguzi kupumua polepole haitoshi. Aliyepanga kazi ndiye anayepaswa kuipanga upya.

Twende wodi ya wazazi, zamu ya usiku, katika kituo ambako kompyuta imekuja juu ya makaratasi. Mkunga ana mama mwenye uchungu. Kila nusu saa asikilize mapigo ya moyo wa mtoto na kuyaweka kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Mtoto akizaliwa, habari zilezile, yaani jina la mama, umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, zinaandikwa kwenye faili, kwenye kadi ya kliniki, kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, halafu kwenye kompyuta. Mtandao ukikata, anaziandika pembeni aje kuziingiza asubuhi, zamu yake ikiwa imeshakwisha. Mwisho wa mwezi anairudia rejesta, mstari kwa mstari, kutafuta jumla za ripoti.

Husemwa kwamba watumishi hawataki mabadiliko. Siamini hata kidogo. Patografu nayo ilikuwa teknolojia mpya. Mwaka 1972 Philpott na Castle, katika jiji ambalo sasa ni Harare, walitoa karatasi moja yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ikitenganishwa na muda wa saa nne. Mkunga wa kituo cha pembezoni, asiye na daktari karibu, akaweza kuona mapema kwamba mama huyu apelekwe hospitali. Mistari hiyo imejadiliwa sana tangu hapo, lakini tazameni ilichomfanyia mkunga: ilimpa uwezo wa kuamua. Mifumo mingi ya leo inamdai taarifa na haimrudishii chochote.

Kwa hiyo nawaomba waganga wafawidhi na wakurugenzi: kabla ya kusaini ununuzi wa mfumo, andikeni kazi ipi inaondoka siku unapoanza kutumika. Najua mganga mfawidhi hana mamlaka ya kufuta rejesta ya Wizara. Lakini daftari lililobuniwa na hospitali yenyewe, fomu ya mradi ambao mfadhili wake alishaondoka, ujumbe wa saa nne usiku kwenye grupu la WhatsApp ukidai takwimu, hayo yote yamo mikononi mwake. Kuhusu rejesta, akae na wakunga wamwonyeshe safu zinazojirudia, kisha aipeleke orodha hiyo kwa mganga mkuu wa wilaya ikiwa na sahihi yake.

Tena muda una sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki kuwa ukomo wa kawaida. Kuingiza data baada ya zamu ni kazi, na ratiba ya zamu iionyeshe.