Tuchunguze Chini ya Maji Kabla ya Kujenga



Tumezoea kudai haki ya ardhi. Leo naomba tuitafakari haki iliyo chini ya maji.

Mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, imelala manowari ya Kireno, Santo António de Tanna. Ilikuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa ngomeni, ikazama mwaka 1697. Wapiga mbizi waliigundua katika miaka ya 1960, na kati ya mwaka 1977 na 1980 wanaakiolojia waliichunguza. Vitu vingi vilivyoopolewa vimehifadhiwa ngomeni humo, na watoto wetu huvitazama.

Lau mashine za kuongeza kina cha bandari zingalitangulia kupita hapo, ushahidi huo ungalikuwa kifusi kwa siku moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo uchunguzi hauna budi kuutangulia ujenzi. Kwanza husomwa nyaraka na kuulizwa wavuvi, kwa kuwa wao wanajua mahali nyavu zinaponasa. Kisha vyombo vya mawimbi ya sauti huchora sakafu ya bahari, na vipima usumaku huonyesha chuma kilichofukiwa. Mwisho wapiga mbizi hushuka kuhakikisha. Wakati huo gati lingali mchoro tu, na kulisogeza si kazi kubwa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahusu mabaki yaliyokaa majini angalau miaka 100, na unataka kuyahifadhi palepale yalipo kufikiriwe kwanza.

Wenyeji nao wasisahauliwe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za wenyeji za utamaduni, za mazingira safi na za kupewa habari. Basi urithi si pambo la watalii. Ni haki ya watu.

Hatupingi bandari, maana vijana wanahitaji kazi. Lakini mkiitwa kutoa maoni, ulizeni: Je, tathmini ya mradi imefika chini ya maji? Wavuvi wamesikilizwa? Matokeo yamesomwa kwa lugha tunayoielewa? Majibu yasipopatikana, semeni hivyo kwa maandishi, mapema, kabla mashine hazijawasili.