Mbunifu wa Bidhaa: Ni Kazi Gani, na Vijana Wetu Wana Nafasi Gani?

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Ufundi Stadi kwa vijana wanaomaliza mafunzo, iliyosomwa Siku ya Wakimbizi Duniani



Tunashukuru kupewa nafasi hii. Tumeombwa tuzungumze na vijana wanaomaliza mafunzo ya useremala, uchomeleaji na ushonaji kuhusu kazi ambayo wengi hawaijui kwa jina, yaani kazi ya mbunifu wa bidhaa. Huyu ni mtu anayeamua kitu kiwe na umbo gani, kitumie malighafi gani na kishikwe vipi mkononi, kabla kazi ya kukitengeneza haijaanza.

Tutoe mfano wa kitu kilichopo katika kila nyumba hapa, nacho ni dumu la maji, ambalo wenzetu wa Kongo wanaliita bido. Asili ya dumu la lita 20 ni kopo la chuma lililobuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa kubebea petroli ya jeshi. Waliolibuni waliliwekea mishikio mitatu. Likijaa, mtu mmoja hushika wa katikati; wakiwa wawili, kila mmoja hushika wa upande wake; na yakiwa matupu, mkono mmoja unabeba mawili. Wakati huo Waingereza walitumia makopo ya bati jembamba, nayo yalivuja sana katika jangwa la Afrika ya Kaskazini. Walipoteka madumu ya adui wao waliona tofauti, wakayaiga. Jina jerikeni lilitokana na hayo, kwa kuwa "Jerry" lilikuwa jina la utani walilowapa Wajerumani.

Sasa tazameni madumu ya plastiki tunayopanga foleni nayo bombani. Mengi yana mshikio mmoja tu. Maji lita 20 yana uzito wa kilo 20, na anayeyabeba mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na miwili. Idadi ya mishikio ni uamuzi wa mtu fulani, aliyekaa mahali fulani na penseli mkononi. Tunataka vijana wetu wajue kwamba uamuzi wa namna hiyo ni kazi, na kwamba inafundishika.

Mfano wa pili unatoka katika kambi kama hii. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, walikoishi wakimbizi wa Msumbiji, watafiti waligawa kwa baadhi ya kaya ndoo za lita 20 zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, ili mkono usiingie ndani ya maji. Kaya nyingine ziliendelea na vyombo vyao vya kawaida. Maji yalitoka mahali pale pale. Katika kaya zilizopata ndoo mpya, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulipungua kwa karibu theluthi moja. Hapakuongezwa dawa, wala kisima hakikuchimbwa. Kilichobadilika ni umbo la ndoo.

Mfano wa tatu ni jiko la mkaa lenye kauri ndani, lililoanza kuenea nchini Kenya miaka ya 1980. Wazo lake lilichukuliwa kutoka majiko ya Thailand, lakini halikuletwa kama lilivyo. Lilirekebishwa lifae sufuria, mapishi na mafundi wa Kenya. Mafundi bati wa jua kali hukunja mabati, wafinyanzi huchoma kauri, kisha viwili hivyo huunganishwa. Jiko hilo hula mkaa kidogo kuliko lile la bati tupu, na limewapa watu wengi riziki. Kwa hiyo kubuni si lazima kuanza na kitu kipya kabisa. Mara nyingi ni kukichukua kitu kilichopo na kukifanya kiwafae watu wa mahali pako.

Ndugu zetu, fundi stadi hutengeneza kiti kizuri. Mbunifu huchora kiti hicho kwa vipimo, hata fundi mwingine asiyemfahamu, katika mji mwingine, aweze kutengeneza kingine kama hicho, na hata viti elfu moja. Mtu mmoja anaweza kuwa fundi na mbunifu pia. Lakini ili afike hapo anahitaji stadi hizi:

Kwanza, kuangalia na kuuliza. Kaa bombani asubuhi nzima uone watu wanavyoinama. Muulize mzee anayetembelea magongo ni wapi panapomuumiza.

Pili, kuchora kwa vipimo. Anza na penseli, rula na karatasi. Siku hizi wabunifu wengi huchora kwa kompyuta, lakini kompyuta haimsaidii asiyejua kupima.

Tatu, kujua malighafi na bei. Kitu kizuri ambacho mama hawezi kukinunua, au ambacho misumari yake haipatikani sokoni, kitabaki kwenye karatasi.

Nne, kutengeneza mfano na kuujaribu. Tumia boksi, udongo au mbao chakavu. Mpe mtu autumie kwa wiki moja, kisha usikilize lawama zake bila kununa.

Tano, kueleza. Mbunifu hufanya kazi na mafundi, wafanyabiashara na wateja. Asiyeweza kueleza wazo lake kwa maneno machache atalipoteza.

Sasa kuhusu nafasi za kazi, hatupendi kuwadanganya. Ajira zenye jina hili ni chache duniani kote. Hata Marekani, nchi yenye watu zaidi ya milioni 330, wabunifu wa bidhaa wanaohesabiwa ni kama elfu 30 tu, na kwa kawaida waajiri huko hudai shahada ya chuo kikuu. Katika eneo letu ubunifu unasomwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere ina shule ya sanaa na ubunifu wa viwandani yenye jina la Margaret Trowell. Kwa wachache waliofaulu vizuri sekondari, upo ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma elimu ya juu. Ushindani wake ni mkubwa. Aidha, sote tunajua kwamba hapa hatutoki kambini bila kibali.

Hata hivyo, stadi tulizozitaja hazingoji ajira. Seremala anayejua kuchora na kujaribu hupata wateja kuliko yule anayetengeneza stuli ile ile ya jirani yake. Tena kila mbunifu, popote alipo, huulizwa kwanza aonyeshe kazi zake. Kwa hiyo tunawasihi kila mmoja wenu awe na daftari la michoro, lenye tarehe, vipimo, na maelezo ya kilichoshindikana na kilichorekebishwa. Mtu hawezi kubeba karakana akirejea nyumbani au akihamia nchi ya tatu, lakini daftari huingia katika begi.

Kwa viongozi na mashirika tuna maombi matatu. La kwanza, somo la kuchora kwa vipimo liingizwe katika kila kozi ya ufundi, ikiwemo ushonaji. La pili, kabla ya kuagiza vifaa vya kugawa, mfano mmoja uletwe hapa utumiwe na kaya chache, na wanafunzi wetu wakusanye maoni yao, hasa ya wasichana, wazee na walemavu. Kiti cha magurudumu kilichobuniwa kwa sakafu laini hukwama katika udongo wetu wa masika, na aliyekaa juu yake angeweza kusema hayo mapema. La tatu, vifaa vinavyoweza kutengenezwa hapa, kama meza za shule na magongo, viagizwe kwanza katika karakana zetu, kwa michoro iliyokubaliwa.

Vijana wapendwa, kesho mkienda bombani tazameni mkono unaobeba dumu, mjiulize mngelibadilisha vipi. Kisha mchore, mtuletee michoro hiyo. Ofisi ya kamati iko wazi kila siku ya kazi.