Uma wa Kusafishia Banda la Farasi

Leo nazungumza na masaisi, na yeyote anayeamka alfajiri kuzoa mavi ya farasi. Mnyama wa kilo 450 hutoa zaidi ya kilo 20 za mavi na mkojo kwa siku. Ukikosea uma, mgongo wako utajua.

Kwanza tazama chini: umetandika nini? Kama ni maranda ya mbao, chukua uma wa plastiki wenye meno mengi yaliyokaribiana, kingo zimeinuka kama bakuli. Zoa, kisha tikisa kidogo, kama mtu anayepepeta mchele. Maranda safi yanadondoka, mavi yanabaki. Beleshi hubeba vyote, na maranda ni pesa. Kama ni majani makavu, uma huo utanasa tu. Hapo tumia wa chuma, meno manne au matano yaliyoachana.

Plastiki ni nyepesi, ila jua huikausha ikakatika. Usiuache uma huo nje.

Mpini nao ufike kifuani ukisimama wima. Mfupi unakuinamisha.

Na uma wa chuma usiulaze bandani, meno juu, farasi akiwemo. Utundike ukutani, nje ya mlango.